Faili Lisilo na Mwenyewe

Kwanza muelewe kwamba Mama Waya hakuwa mtu wa kugombana. Hayo alikuwa akiyasema yeye mwenyewe, tena kwa sauti ya juu, tena huku anagombana. Alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali, fundi wa pekee, mwaka wa ishirini na mbili huo, na kama ungemuuliza kazi yake ni nini hasa asingekuambia ni kutengeneza kompyuta. Angekuambia kazi yake ni kuwasomea watu wazima wenye miwani maneno yaliyoandikwa mbele ya macho yao.

"Fundi, kompyuta imeniandikia kitu."

"Imekuandikia nini?"

"Sijui. Nimebonyeza ndiyo."

Hilo ndilo lililomwotesha mvi. Umebonyezaje ndiyo kwa swali ambalo hukulisoma? Ungeulizwa kama unakubali kukatwa mguu je? Jibu lake kwa wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka Mkurugenzi, lilikuwa moja: "Soma mpaka mwisho!" Alilichapa kwa herufi kubwa akalibandika kwenye kila kompyuta. Wauguzi wakimwona anakuja koridoni walikuwa wanamwigiza, "Soma mpaka mwisho, ndipo ubonyeze," wanacheka mpaka wanashikana mabega, akiwakaribia wanauma midomo na kumwamkia kwa adabu.

Zamani alikuwa mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ya hospitali ilipoletwa, ilikaa wiki mbili ndani ya boksi lake kwa sababu hakuna aliyethubutu kuigusa. Yeye ndiye aliyelifungua boksi, akatoa kitabu cha maelekezo, akakisoma ukurasa kwa ukurasa pamoja na anwani za kiwanda kule nyuma. Siku ya tatu ikawaka. Tangu hapo hakurudi tena kwenye taipureta, na kila kitu chenye waya kikawa chake. Mumewe, dereva mstaafu, huwaambia wageni kwamba hata barua yake ya kwanza ya mapenzi mama huyu aliirudisha ikiwa na masahihisho. Wageni hucheka. Mama Waya hachekagi, kwa sababu ni kweli, na makosa yalikuwa saba.

Basi, ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, simu ya karakana ikalia. Chumba cha kumbukumbu.

Chumba hicho ndicho mlango wa hospitali. Kina mashelfu ya mafaili ya karatasi mpaka darini, kompyuta moja mpya, printa moja, na dirisha dogo ambalo wagonjwa hupanga foleni mbele yake. Mgonjwa anataja jina, karani anamtafuta, printa inatoa karatasi yenye namba yake na kliniki anayokwenda. Bila karatasi hiyo daktari hamwoni, hata akiwa anatapika. Karani wa hapo alikuwa Mama Pacha, mwanamke mnene, mtaratibu, anayelea mapacha wake peke yake na anayejua nusu ya wagonjwa kwa sauti ya kikohozi. Hakosi chupa ya chai pembeni ya kompyuta, na Mama Waya amemwambia mara elfu chai na kompyuta havikai meza moja, halafu akakaa akamiminiwa kikombe.

"Dada, karatasi zinapotea," Mama Pacha alisema.

"Zinapoteaje? Zina miguu?"

"Nachapa, zinajipanga kumi, kumi na tano, zinasubiri zamu. Mara zote pu! Hakuna kitu. Naanza upya. Baada ya dakika kumi, pu!"

Hapo pana jambo la kueleza. Printa mpya ilikuwa imekufa jana yake mchana. Mama Waya alikwenda stoo akaiburuta printa ya zamani, ile nzito yenye kelele, akaipangusa vumbi, akaichomeka. Ilikubali. Asubuhi hii ikawa inakohoa karatasi mbili tatu, kisha kila kilichobaki kwenye foleni kinafutika. Nje ya dirisha watu walikuwa wamefika hamsini, mtoto mmoja analia, na mzee mmoja amegonga kioo mara ya nne kuuliza kama karani amelala.

Mama Waya aliketi. Akafungua orodha ya programu zilizokuwa zinafanya kazi ndani ya kompyuta, zile zinazoonekana na zile zinazojificha, akaanza kuzipitia kwa kidole. Hii anaijua. Hii anaijua. Hii ya saa. Hii ya kibodi. Halafu kidole kikasimama.

kz2.exe.

Hakuijua. Faili likiwa na mkia wa exe si barua wala picha. Picha inakaa tu, unaitazama. Hili ukiligusa linaamka na kufanya lilichotumwa, na aliyelituma humjui. Alibonyeza kulia, akafungua maelezo yake, akasoma mstari wa kwanza: limeundwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nane mchana.

"Jumamosi ya tarehe kumi na nne, nani alikuwa zamu?"

"Mimi," Mama Pacha akasema.

Jamani, ulimi hauna mfupa. Miaka miwili nyuma, Mama Pacha alikuja na flashi yenye video ya mahafali ya mapacha wake, akaichomeka hapo hapo ili awaonyeshe wenzake, na kirusi kilichokuwamo kikala kumbukumbu za siku tatu. Mama Waya alilala karakana siku mbili kuzirudisha, na yeye ndiye aliyeandika ripoti. Mama Pacha akapewa onyo la mwisho. Sasa hayo yote yalimpanda kichwani kwa mpigo.

"Flashi yako tena, siyo?"

Alilisema kwa sauti ile ile ambayo alidai si ya kugombana. Foleni nzima ikasikia. Tena mlangoni alikuwa amesimama Katibu wa hospitali, aliyekuja kuulizia kelele.

"Dada, sijachomeka kitu," Mama Pacha alisema. "Tena Jumamosi ile mbona we—"

"Usinieleze, nimesoma kwa macho yangu!"

Katibu akatoa kalamu mfuko wa shati.

Katibu huyu alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, asiye na ubaya na mtu, ila alikuwa na ugonjwa wa barua. Ukichelewa, barua. Ukiwahi sana, barua ya kukupongeza. Na katika ofisi yake kulikuwa na kanuni ambayo aliirithi kwa aliyemtangulia: hakuna barua bila kiambatisho. Mlinzi aliyekutwa amelala aliandikiwa barua, na mto wake ukaambatishwa.

"Ni mara ya pili," alisema Katibu. "Onyo la mwisho alishapewa. Barua ya kumwachisha kazi Mkurugenzi ataisaini saa tisa."

Hapo ndipo hasira ya Mama Waya ilipoanza kupoa, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. "Bwana Katibu, ngoja kwanza. Sijajua hata hicho kitu ni nini."

"Fundi, umeshasema."

"Nimesema kwa hasira! Nipe mpaka hiyo saa tisa nilichunguze."

"Chunguza. Ripoti yako nitaiambatisha."

Mama Waya alimgeukia Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa ameshavuta rundo la karatasi nyeupe, anaandika namba za wagonjwa kwa mkono, mmoja mmoja, kwa mwandiko wake wa duara. "Anayefuata," akasema dirishani. Hakuinua uso.

Haya. Kazi ianze. Mama Waya alichomoa waya wa mtandao nyuma ya kompyuta ili chochote kilichomo kisitoke kwenda kwa jirani. Akasema kwa wote waliokuwa na masikio: mtu asiguse. Akakimbia karakana kuchukua flashi yake nyekundu, ambayo haichomekwi popote isipokuwa kwenye vitu vichafu. Hakuchukua dakika tano. Aliporudi alilinakili faili, akalibadilisha jina na kuliondolea ule mkia wa exe, ili hata likibonyezwa kwa bahati mbaya lisiamke.

Karakana kwake kulikuwa na laptopu kuukuu aliyoiita Karantini. Alikuwa ameing'oa kifaa cha mtandao kwa bisibisi, haina kumbukumbu ya mgonjwa yeyote, na ikiharibika unaifuta yote unaanza upya bila majuto. Ndiyo inayoonjeshwa sumu. Ndiyo kwanza anaiwasha, simu ikalia. Matroni.

"Fundi, nimekifungua kile mlichosema tusifungue. Mbona hakina kitu?"

Mama Waya akaiacha Karantini. "Kipi?"

"Cha kwenye folda ya pamoja. Kz ngapi sijui."

Mnajua kilichotokea? Katika zile dakika tano, Katibu aliingia chumba cha kumbukumbu na flashi yake mwenyewe, ile ya mnyororo wa funguo, akachukua nakala. Kwa nini? Kwa ajili ya kiambatisho! Halafu akaiandika rasimu ya barua, akaiweka kwenye folda ambayo kompyuta zote za hospitali zinaifungua, na pembeni yake akaliweka faili lenyewe, jina kamili na mkia wake. Barua ilimalizia kwa herufi nzito: MSIFUNGUE KIAMBATISHO.

Idara nne zilikuwa zimeshafungua.

Mama Waya alipanda ngazi na kushuka ngazi siku hiyo kama hakuzaa watoto wanne. Aliingia famasia, akachomoa waya. Aliingia wodi ya wazazi, akachomoa waya. Maabara walikuwa wamelibonyeza mara tatu kwa sababu mara ya kwanza halikuonyesha kitu.

"Imeandikwa msifungue!" alifoka. "M-si-fu-ngu-e! Mnataka niwaandikie kwa lugha gani?"

"Nilitaka kujua ni kitu gani nisichotakiwa kufungua," mpimaji wa maabara alijibu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye hoja.

Kwa Katibu hakufoka hata. Alisimama mbele ya meza yake akihema, akamnyooshea kidole.

"Fundi, kanuni ni kanuni," Katibu alisema kwa upole. "Barua bila kiambatisho ni uvumi."

"Bwana Katibu," alisema mwishowe, "ungekuwa ni ugonjwa, ungewagawia watu damu ya mgonjwa waione."

Akalitoa faili kwenye folda, akaichukua flashi pamoja na mnyororo na funguo, ya nyumbani ikiwemo, akaondoka nayo.

Ilipofika saa saba kasoro alikuwa amerudi karakana, miguu inawaka moto. Chai yake ya asubuhi ilikuwa imeganda utando. Jambo moja lilimsumbua: idara zile nne hazikuonyesha dalili yoyote. Hakuna karatasi iliyopotea, hakuna faili lililofungwa, hakuna kitu. Kirusi gani hiki kinachochagua chumba?

Akalichukua alama. Kila faili lina alama yake, safu ndefu ya herufi na tarakimu ambayo haifanani na ya faili lingine, na kuna mahali kwenye mtandao ambapo mafundi wa dunia huulizia: hii alama mnaijua? Alipeleka alama tu. Faili lenyewe hakulipeleka, kwa sababu ukishalipandisha kule wageni wanaweza kulichukua, na yeye hakujua kama tumboni mwake mna majina ya wagonjwa. Jibu likaja mara moja. Halijulikani. Hakuna aliyewahi kuliona, popote.

Hilo likamtisha kuliko angeambiwa ni kirusi sugu. Kirusi cha kawaida kinajulikana. Kisichojulikana ama kimezaliwa jana, ama kimetengenezwa kwa ajili yako peke yako. Nani ana kisa na hospitali hii mpaka aitengenezee?

Akalifungua kwa programu inayolitazama faili bila kuliamsha, ikitoa nje maneno yote yanayosomeka ndani yake. Yakaja maelfu. Mengi ni takataka, herufi zisizo na kichwa wala miguu, kwa kuwa kompyuta inajisemea lugha yake. Alisoma ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Macho yakaanza kucheza. Ilikuwa saa saba na nusu, njaa inamuuma, na kichwani anamwona Mama Pacha akiandika kwa mkono bila kuinua uso. Mapacha wako mwaka wa mwisho wa shule. Akitoka hapo, mwanamke wa umri ule, na barua yenye kiambatisho, ataajiriwa na nani?

"Aah, liamke tu tulione," alijisemea, akaifunga orodha.

Akalirudishia mkia wake kwenye Karantini, akaweka programu ya kulichunga kila linapogusa, akalibonyeza. Halikufanya kitu. Alisubiri. Dakika tano, kimya. Dakika kumi, likafumbua jicho: likaulizia printa. Si printa yoyote; liliulizia printa moja kwa jina na namba ya muundo wake. Halikuipata, likalala. Dakika kumi nyingine, likaamka, likaulizia printa ile ile, likalala. Halikutafuta mtandao. Halikugusa faili hata moja. Halikutaka siri ya mtu.

Mama Waya alikaa anatazama skrini, mikono mapajani. Lile jina la printa alikuwa amelipangusa vumbi jana kwa khanga yake mwenyewe.

Akairudia ile orodha ya maneno. Safari hii alishuka nayo ukurasa kwa ukurasa, kama alivyokisoma kile kitabu cha maelekezo miaka ishirini na mbili nyuma. Takataka. Takataka. Jina la printa. Takataka. Na karibu kabisa na mwisho, mstari mmoja wa Kiswahili safi:

PRINTA IKIKWAMA TENA SOMA MPAKA MWISHO KABLA YA KUMWITA FUNDI

Alisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma mara ya tatu.

"Mungu wangu," alisema. "Ni langu."

Sasa yote yalimrudia, na yalimrudia kwa fujo. Miaka kumi na moja iliyopita, printa ile ilikuwa inakabwa na kazi zilizorundikana, na kila ikikabwa wanamwita yeye, mara nane kwa siku, mara tisa, mpaka akawa analisikia jina lake usingizini. Mchana mmoja alijifungia karakana na kitabu, akaandika kijiprogramu: kila baada ya dakika kumi kifute foleni yote ya printa hiyo, watu waanze upya, wamwache apumue. Cha kwanza kiliharibika. Cha pili kikakubali. Kz, kifupi cha kuzibua. Kz2. Siku zile wagonjwa walikuwa wachache, foleni ikifutwa hakuna anayejua. Printa ikapelekwa stoo, kijiprogramu kikabaki kwenye kompyuta ya zamani kinaamka na kulala bila kazi, na yeye akakisahau kabisa.

Na ile kompyuta mpya ilipofika, nani alihamisha vitu kutoka ya zamani? Nani alibeba folda zote kwa pamoja, hata ile ya programu zinazojiwasha zenyewe, bila kuchambua, yeye anayewafokea watu kila siku wachambue kabla ya kunakili? Alikuja kuifanya siku ya mapumziko ili asiwasumbue wagonjwa. Jumamosi.

Akafungua maelezo ya faili kwa mkono mzito. Mstari wa kwanza ule ule: limeundwa Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Ndiyo siku nakala ilipotua kwenye kompyuta hii. Chini yake kulikuwa na mstari wa pili, ambao asubuhi hakuufikia: limebadilishwa mara ya mwisho, miaka kumi na moja nyuma. Faili gani linabadilishwa miaka kumi na moja kabla ya kuzaliwa? Mtoto wa darasa la tatu angeshtuka. Mistari miwili tu, na yeye alisoma mmoja.

Nyani haoni kundule. Aliusema msemo huo kwa sauti, peke yake, akajigonga paji la uso kwa kiganja, na kiganja kikauma.

Saa tisa kasoro robo alikuwa mbele ya meza ya Katibu. Barua ilikuwa pale, imepigwa muhuri, inangoja saini tu. Alimweleza yote kwa mkupuo mmoja, akamrudishia na funguo zake. Katibu alisikiliza mpaka mwisho, hilo tumpe. Kisha akainuka, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini.

"Fundi, faili hili nani mwingine anajua ni lako?"

"Hakuna. Halijulikani duniani."

"Basi si liishe hivyo? Tuseme ni kirusi, kimetolewa, hakijulikani kilikotoka. Mama Pacha namfutia barua hii, namwachia onyo lake lile lile, kazi yake anabaki nayo. Na wewe hupati aibu. Unajua watakavyokucheka? Unajua wauguzi watakavyokuigiza?"

Alijua. Alikuwa ameshawasikia, kwenye ngazi, kantini, mpaka mazishini kwake watasimulia. Na si uongo kusema kwamba kwa muda wa pumzi mbili tatu Mama Waya aliona kuwa Katibu ni mtu mwema, mwenye busara. Mama Pacha angebaki na kazi. Angebaki pia na foleni nzima iliyosikia kwamba kosa ni lake.

"Nipe karatasi," alisema.

"Ya nini?"

"Ripoti. Si ulisema utaiambatisha?"

Aliandika kwa mkono, nakala mbili, amesimama, ameinamia meza ya mtu. Alipomaliza alimpa Katibu nakala, na Katibu akaisoma, akakohoa, akaichukua barua yenye muhuri akaichana katikati. Halafu, kwa kuwa mtu hawezi kuacha maradhi yake mara moja, akauliza, "Na kiambatisho?"

"Kiambatisho ni mimi. Nakwenda kujipeleka."

Chumba cha kumbukumbu foleni ilikuwa imebaki ya watu kama ishirini. Mama Pacha alikuwa bado anaandika, kidole cha kati kimeingia weusi wa kalamu. Chini ya meza mkoba wake ulikuwa umeshafungwa: kikombe, kandambili, picha ya mapacha iliyokuwa ukutani, na chupa ya chai imejitokeza juu.

"Mama Pacha," Mama Waya alisema. "Nimekuja kukuomba radhi. Faili lile ni langu."

Kalamu ikasimama. "Lako?"

"Langu. Nimeandika ripoti, hii hapa. Barua imechanwa."

"Nisomee. Miwani nimeshaifungia mkobani."

"Hapa?"

"Asubuhi ulisemea wapi?"

Dirisha lilikuwa wazi. Yule mzee wa kugonga kioo alikuwa amerudi na majibu yake ya maabara, ameegemea pale pale. Mama Waya akaanza kusoma. Alisoma kwamba faili kz2 lilitengenezwa na yeye, fundi wa hospitali, miaka kumi na moja iliyopita. Alisoma kwamba yeye ndiye aliyelinakili kwenye kompyuta mpya, na yeye ndiye aliyeirudisha printa iliyoliamsha. Alizoea kusoma makosa ya wengine, hayo husomeka vizuri.

"Basi," alisema, akaikunja karatasi. "Umeelewa. Yaliyobaki ni maneno tu."

"Soma mpaka mwisho," Mama Pacha akasema.

Hakuna aliyecheka. Hata muuguzi aliyekuwa anapita na trei alisimama nayo mkononi.

Mama Waya akaikunjua karatasi. "Nilisoma mstari mmoja tu wa maelezo ya faili, nikamtuhumu karani mbele ya watu. Karani alijaribu kuniambia ukweli, nikamkatiza."

"Hapo pa mwisho rudia."

"Karani alijaribu kuniambia ukweli," Mama Waya alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta, "nikamkatiza."

Mama Pacha aliinama, akaufungua mkoba, akatoa chupa ya chai akairudisha mahali pake pembeni ya kompyuta.

"Jumamosi ile," alisema, "ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho hicho, unahamisha mafaili yako na kunywa chai yangu. Vikombe viwili. Ndicho nilichokuwa nataka kukuambia."

Kisha akageukia dirishani. "Anayefuata."